Maziwa Gani kwa Mtoto Mdogo? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Makopo na pakiti za maziwa ya watoto zimejaa picha za mashavu ya kupendeza na maneno makubwa, na mzazi akisimama mbele ya rafu hudhani tofauti iko kwenye chapa. Haiko huko. Angalia kwanza umri wa mtoto kwa hesabu ya miezi, kisha maandishi madogo ya nyuma ya kopo, kisha kiasi anachokunywa kwa siku. Hapo kwenye kiasi ndipo wengi hukosea hata baada ya kuchagua maziwa sahihi.

Majibu haya yanamhusu mtoto mwenye afya aliyezaliwa miezi yake imetimia. Mtoto njiti, au mwenye ugonjwa wa figo, wa moyo au wa kuzaliwa nao, hupangiwa maziwa na daktari wake.

Umri upi, maziwa yapi?

Tangu kuzaliwa hadi miezi 6 ni maziwa ya mama peke yake. Hata maji hahitaji. Asiyenyonya hupewa fomula, yaani maziwa ya kopo yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wachanga, wala si kitu kingine chochote.

Miezi 6 hadi 12 anaendelea kunyonya, au kunywa fomula, huku akianza kula. Maziwa ya ng'ombe kidogo ndani ya uji au viazi vya kuponda hayana neno. Kuhusu kuyafanya kinywaji chake kikuu, wataalamu hawana kauli moja. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinasema yasubiri hadi miezi 12. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, linakubali mtoto wa miezi 6 hadi 11 asiyenyonya apewe ama fomula ama maziwa ya mnyama. Sisi tunashauri hivi: kama fomula inapatikana bila kukatika na maji safi ya kuitengenezea yapo, subiri mwaka utimie. Kama haipatikani, au mzazi analazimika kuizimua ili kopo lifike mwisho wa mwezi, maziwa ya mnyama yenye mafuta yote, yaliyochemshwa, ni salama kuliko fomula nyepesi kama maji. Ila hapo mtoto lazima apate nyama, maini, mayai au dawa ya madini ya chuma, na mhudumu wa kliniki awe anajua.

Miezi 12 hadi 24 ni maziwa ya mnyama yenye mafuta yote, huku kunyonya kukiendelea kama kupo. Kuanzia miaka 2 maziwa yaliyopunguzwa mafuta yanaruhusiwa kwa mtoto anayekua vizuri.

Kwa nini mtoto wa miezi minne asipewe maziwa ya ng'ombe? Ndama mbona anakua?

Ndama huongeza uzito wake maradufu kwa muda mfupi sana, na maziwa ya mama yake yametengenezwa kwa kasi hiyo. Mililita 100 za maziwa ya ng'ombe zina protini gramu 3.3 hivi, za maziwa ya mama zina gramu 1 tu. Protini hiyo ya ziada, pamoja na chumvi zake, lazima itolewe na figo kupitia mkojo, na figo za mtoto mchanga bado hazijakomaa. Akipata homa au akiharisha kidogo, hukaukiwa maji haraka.

Tatizo la pili ni madini ya chuma. Lita nzima ya maziwa ya ng'ombe ina takriban nusu miligramu tu, wakati mtoto wa miezi 7 hadi 12 anahitaji karibu miligramu 11 kwa siku. Isitoshe, kwa baadhi ya watoto wachanga maziwa haya husababisha damu kuvuja kidogo kidogo kwenye utumbo. Huioni chooni, lakini baada ya wiki nyingi mtoto anapauka.

Nikiyazimua kwa maji na kuongeza sukari?

Hiyo ni njia ya zamani, na zamani ilifundishwa hata kliniki. Maji hupunguza protini, ni kweli, lakini hupunguza pia mafuta na vitamini, na sukari hairudishi chuma, zinki wala vitamini C. Kwa mtoto wa chini ya miezi 6 haifai. Kwa mtoto wa zaidi ya mwaka haina kazi: unamjaza maji tumboni ukidhani umemlisha.

Mwanangu ametimiza mwaka na bado ananyonya vizuri. Lazima nimwongezee maziwa mengine?

Si lazima. Kama ananyonya mara kadhaa usiku na mchana na anakula chakula cha mchanganyiko, maziwa ya ng'ombe ni nyongeza tu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kunyonyesha hadi miaka 2 na zaidi, na maziwa ya mama hayageuki kuwa maji siku mtoto anapotimiza mwaka.

Anywe kiasi gani kwa siku?

Kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5 asiyenyonya tena, lenga mililita 400 hadi 500 kwa siku. Hivyo ni vikombe viwili vya mililita 200 na kidogo juu yake. Ukomo tunaoushauri ni mililita 600, na ndani ya hesabu hiyo weka maziwa ya kwenye uji na ya kwenye nafaka za asubuhi.

Nusu lita ya maziwa yenye mafuta yote humpa karibu miligramu 600 za kalsiamu, wakati mahitaji yake akiwa na mwaka 1 hadi 3 ni 700. Hapo sehemu kubwa imeshapatikana. Lita nzima humpa karibu kalori 640, naye kwa siku anahitaji kama 1,000. Tumbo lake limeshajaa kabla sahani haijafika mezani, na katika lita hiyo chuma ni nusu miligramu, ilhali anahitaji miligramu 7. Tena kalsiamu na protini ya maziwa huzuia hata kile chuma kidogo kilichomo kwenye chakula kisifyonzwe vizuri.

Ndiyo maana mtoto mnene, mweupe wa viganja, anayechoka upesi, mara nyingi ni yule ambaye mzazi anasema kwa fahari kuwa "huyu ni maziwa tu". Wengine hufikia kula udongo au barafu. Ukiona hivyo, apimwe wingi wa damu kabla ya kununuliwa dawa ya kuongeza hamu ya kula.

Kupunguza kunaanzia saa. Maziwa yatolewe baada ya chakula, au katikati ya milo miwili, kwa kikombe. Kati ya hapo, kiu ni ya maji. Siku tatu za mwanzo zitakuwa na kelele.

Mafuta yote au yaliyopunguzwa?

Chini ya miaka 2, mafuta yote. Karibu nusu ya nguvu iliyomo kwenye maziwa inatoka kwenye mafuta, na ubongo wa umri huu unayahitaji. Vitamini A nayo husafiri ndani ya mafuta hayo, kwa hiyo ukiyaondoa inaondoka. Maziwa yasiyo na mafuta kabisa yasubiri hadi miaka 5. Daktari anaweza kushauri maziwa yaliyopunguzwa mafuta mapema kwa mtoto mwenye uzito uliopitiliza, lakini huo ni uamuzi wa kliniki.

Ukichemsha nyumbani, ule utando wa njano unaoganda juu maziwa yakipoa umebeba mafuta mengi. Usiutoe ukautupa. Koroga urudi ndani, na kama mtoto hapendi vipande mdomoni, piga kwa mchapo au saga kwa blenda.

Freshi, ya pakiti ya muda mrefu au ya unga: yapi bora?

Kwa kalsiamu na protini hakuna tofauti ya maana. Tofauti iko kwenye joto yaliyopitia na namna ya kuyatunza.

Maziwa yaliyopasteuriwa hupashwa hadi nyuzi 72 za Selsiasi kwa sekunde 15, au nyuzi 63 kwa dakika 30, kisha hupozwa haraka. Hukaa kwenye friji siku chache tu. Ya pakiti ya muda mrefu hupita kwenye nyuzi 135 au zaidi kwa sekunde chache, ndiyo maana hukaa kabatini miezi kadhaa bila friji. Hayana dawa ya kuhifadhia, ingawa wengi huamini hivyo. Hupoteza vitamini chache za kundi B, na ladha yake huelekea kwenye ya kupikwa. Pakiti ikishafunguliwa, hata hivyo, ni maziwa kama mengine: friji, na yaishe ndani ya siku tatu.

Ya unga yanafaa kwa mtoto wa zaidi ya mwaka, kwa masharti mawili. La kwanza, yawe na mafuta yote: kwenye jedwali la nyuma, mafuta yawe gramu 26 au zaidi katika kila gramu 100 za unga. Ukiona 1.5 au chini, hayo yametolewa mafuta. La pili, kipimo: takriban gramu 130 za unga kwa lita moja ya maziwa, yaani gramu 26 kwa kikombe cha mililita 200. Vijiko viwili vya chai vilivyozoeleka kwenye vikombe vya watoto havifiki hata nusu ya hapo. Maji yanageuka meupe, na mzazi anadhani mtoto amekunywa maziwa.

Maziwa mabichi je? Yametoka kwa ng'ombe wetu wenyewe, tunamjua.

Yachemshwe. Ng'ombe anaweza kuonekana mzima kabisa huku maziwa yake yakibeba vijidudu vya brusela, kifua kikuu, salmonela, au aina ya E. koli inayoweza kuua figo za mtoto ndani ya siku chache. Hakuna faida ya maziwa mabichi inayolipa hatari hiyo.

Nichemsheje ili yawe salama bila kuyaharibu?

Chuja kwanza kwa kitambaa safi. Tumia sufuria yenye kimo mara mbili ya kina cha maziwa, na isuuze kwa maji kabla ya kumimina. Maziwa hayatashika chini upesi. Moto wa wastani, na mwiko ndani.

Kinachowadanganya watu ni povu. Protini na mafuta hutengeneza utando juu, mvuke unanaswa chini yake, na maziwa hupanda ghafla kabla sufuria yote haijatokota. Mtu anaona yamefurika, anazima. Usizime hapo. Punguza moto, pasua utando kwa mwiko, acha yatokote huku ukikoroga kwa dakika moja. Yatosha. Kuyaacha motoni robo saa hakuongezi usalama, kunapunguza vitamini tu.

Baada ya hapo, kazi ni kupoza. Weka sufuria ndani ya beseni la maji baridi, funika, koroga mara moja moja, kisha friji. Kuna bakteria ambao mbegu zao hustahimili kuchemka na huamka maziwa yakikaa vuguvugu, kwa hiyo yasikae nje zaidi ya saa mbili. Kama huna friji, chemsha kiasi cha mlo mmoja au miwili.

Kwa wanaonunua ya kupima: kuchemsha hakuondoi mabaki ya dawa za mifugo, wala hakugundui unga ulioongezwa ili yaonekane mazito. Unga unaweza kuugundua mwenyewe. Chota kijiko cha maziwa yaliyochemshwa na kupoa kabisa, dondoshea tone la ayodini ya vidonda. Yakigeuka bluu au meusi, kuna wanga ndani. Kijiko hicho kimwagwe.

Nisome nini kwenye kopo?

Ligeuze. Upande wa mbele ni tangazo.

Anza na jina halisi la bidhaa, ambalo mara nyingi limeandikwa kwa herufi ndogo chini ya chapa. "Maziwa ya unga yenye mafuta yote" ni kitu kimoja. "Kinywaji cha unga chenye maziwa" ni kitu kingine. Kisha orodha ya viambato, ambayo hupangwa kuanzia kilicho kingi zaidi kwa uzito. Kwenye maziwa ya kawaida orodha ni fupi: maziwa, labda na vitamini. Ukikuta mafuta ya mawese au ya mboga nyingine kwenye maziwa ya unga ya familia, ujue mafuta ya maziwa yametolewa yakawekwa ya mimea. Si sumu, ila usiyalipie bei ya maziwa kamili. Ukikuta sharubati ya glukosi ndicho kiambato cha kwanza, hiyo ni krima ya kahawa. Inauzwa karibu na maziwa na inafanana nayo, lakini protini yake ni kidogo mno.

Mwisho, jedwali. Tafuta mstari wa sukari kwa mililita 100. Maziwa yasiyoongezwa chochote yana gramu 4.7 hadi 5, na hiyo ni laktosi, sukari yake ya asili. Kinachozidi hapo kimeongezwa. Maziwa ya ladha ya stroberi yakionyesha gramu 10, katika kikombe cha mililita 200 mtoto anakunywa gramu 10 za sukari ya kuongezwa, vijiko viwili na nusu vya chai.

Maziwa mazito matamu ya kopo hayahitaji hesabu: zaidi ya gramu 50 katika kila 100 ni sukari. Ni ya kutengenezea vitamu.

Maziwa ya "hatua ya 3", ya kukuzia, yenye dawa ya akili: yanasaidia?

Mtoto wa zaidi ya mwaka hayahitaji. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2023 unasema wazi kwamba fomula za kuendelezea hazipendekezwi kwa umri wa miezi 12 hadi 23. Nyingi zina sukari iliyoongezwa na protini pungufu kuliko maziwa ya kawaida, na bei yake ni juu. Kopo la hatua ya 3 hufanana makusudi na la hatua ya 1, rangi ileile na mnyama yuleyule wa kuchorwa, kwa sababu kutangaza maziwa ya watoto wachanga kumebanwa na Kanuni ya Kimataifa ya Uuzaji wa Vibadala vya Maziwa ya Mama ya mwaka 1981, na kopo la wakubwa hulitangaza la wadogo kimyakimya. Kufanana huko kumewafanya wazazi wampe mtoto mchanga kopo la umri mwingine, kwa hiyo soma namba ya miezi kila unaponunua, hata kama ni kopo ulilolizoea.

Pesa hiyo ikinunua mayai, mtoto amefaidi zaidi.

Fomula inatengenezwaje sawasawa?

Unga wa fomula hauna uhakika wa kutokuwa na vijidudu. Hata kopo jipya linaweza kuwa na bakteria wachache, hasa Cronobacter, adimu lakini hatari sana kwa mtoto wa chini ya miezi miwili. Kwa sababu hiyo maji ya vuguvugu hayatoshi.

Nawa mikono kwa sabuni. Kikombe au chupa na vifuniko vyake vioshwe, kisha vichemshwe. Chemsha maji, yaache yapoe yasizidi nusu saa, ili yabaki kwenye nyuzi 70 au zaidi. Mimina maji kwanza, hadi kwenye mstari unaotakiwa, ukiangalia mstari huo ukiwa sawa na macho yako. Ndipo uweke unga. Ukianza na unga, maji yatakayoingia ni pungufu na maziwa yatakuwa mazito.

Kijiko cha unga kijae kikiwa kimelegea, kisha kipitishwe mgongo wa kisu safi kikae sawa. Usikigongegonge wala kukishindilia. Kijiko kilichoshindiliwa hubeba unga mwingi kuliko uliokusudiwa. Tena kijiko kisihame kopo. Kopo moja lina kijiko cha kama gramu 4.5 kwa mililita 30 za maji, jingine kijiko cha karibu gramu 9 kwa mililita 60. Ukichukua kile kikubwa ukakitumia kwa mililita 30, umeongeza ukali maradufu. Mtoto atapata choo kigumu, kiu, kilio kinachofanana na njaa. Mzazi anamwongezea maziwa, na hali inazidi. Fomula nyepesi nayo ina hatari yake: mtoto hapati nguvu, na maji mengi yakishusha chumvi mwilini anaweza kupata degedege.

Tikisa, poza chupa chini ya bomba au kwenye bakuli la maji baridi, dondosha tone kwenye kifundo cha mkono wako. Lihisi la vuguvugu, si la moto. Yatumike ndani ya saa mbili. Aliyoyaacha mtoto yamwagwe, kwa sababu mate yake yameshaingia. Usipashe kwa maikrowevu: nje baridi, katikati yanaunguza. Kopo lililofunguliwa limalizwe ndani ya wiki nne, na tarehe ya kufunguliwa iandikwe juu yake kwa kalamu.

Kiasi: kwa mtoto wa chini ya miezi 6, karibu mililita 150 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mwenye kilo 6 hufikia mililita 900, zikigawanywa kwa milo yake. Hiyo ni wastani. Wapo wanaotosheka na pungufu kidogo.

Maziwa ya mbuzi ni mepesi kwa mtoto?

Huaminika hivyo, na kwa mtoto wa zaidi ya mwaka anayekula vizuri yanafaa kama ya ng'ombe. Upungufu wake ni foleti, vitamini ya kundi B: ina kiasi cha moja ya tano ya iliyomo kwenye ya ng'ombe. Mtoto aliyelelewa kwa maziwa ya mbuzi peke yake hupata aina ya upungufu wa damu inayotokana na kukosa foleti. Maharage, dengu na mboga za majani huziba pengo hilo. Chini ya mwaka yasiwe mbadala, isipokuwa ni fomula iliyotengenezwa kwa maziwa ya mbuzi.

Na hayatibu mzio. Protini zake zinafanana mno na za ng'ombe, hivi kwamba watoto zaidi ya 9 kati ya 10 wenye mzio wa ng'ombe huathirika na ya mbuzi pia. Ya ngamia yametofautiana zaidi, lakini kuyajaribu nyumbani kwa mtoto mwenye mzio ni kucheza na moto.

Maziwa ya soya, lozi, oti, mchele, nazi?

Chini ya mwaka, hakuna hata moja. Fomula ya soya ni bidhaa tofauti na maziwa ya soya ya pakiti, usichanganye majina.

Baada ya mwaka, ya soya ndiyo pekee yanayokaribia ya ng'ombe kwa protini, karibu gramu 3 kwa mililita 100. Chagua yasiyo na sukari, yaliyoongezwa kalsiamu ya miligramu 120 kwa mililita 100, pamoja na vitamini D na B12. Tikisa pakiti kwa nguvu kila mara, maana kalsiamu iliyoongezwa huzama chini, na mtoto anaweza kunywa maji ya juu wiki nzima wakati madini yamebaki kwenye pakiti iliyotupwa. Ukisaga soya nyumbani unapata protini, lakini kalsiamu ya kutosha haimo.

Ya lozi yana protini kama nusu gramu tu, ya oti kama gramu moja. Ya mchele ni maskini zaidi na yana aseniki, sumu inayopatikana kiasili, hivyo Uingereza inashauri yasipewe watoto wa chini ya miaka 5. Madaktari wameshaandika kuhusu watoto waliopata kwashakoo kwa kulelewa kwa maziwa ya mchele, katika familia zenye uwezo kabisa, zilizodhani zinawakinga na mzio. Tui la nazi ni kiungo cha mapishi.

Akinywa maziwa anapata shida. Ni mzio au ni laktosi?

Hivi ni vitu viwili, na dawa ya kimoja haisaidii kingine. Mzio ni mwili kupambana na protini ya maziwa. Huanza mapema, mara nyingi ndani ya mwaka wa kwanza: vipele vinavyovimba, midomo kuvimba, kutapika, kukohoa au kupumua kwa mluzi, ndani ya dakika chache hadi saa mbili. Aina ya pili huja polepole, baada ya saa nyingi au siku kadhaa, ikiwa na choo chenye damu au makamasi, ukurutu na kutoongezeka uzito.

Kushindwa kumeng'enya laktosi ni upungufu tu wa kimeng'enya kinachovunja sukari hiyo ya maziwa. Dalili ni gesi, tumbo kunguruma, kuharisha maji. Hakuna vipele wala damu. Kwa kawaida hautokei kwa mtoto wa chini ya miaka 2 au 3, isipokuwa kwa muda baada ya kuharisha sana.

Mtego uko hapa: maziwa yaliyoondolewa laktosi bado yana protini zote. Mwenye mzio akipewa hayo, ataumwa vilevile. Kwa mtoto mchanga mwenye mzio daktari huandika fomula maalumu ambayo protini zake zimekatwakatwa. Midomo ikivimba na pumzi ikibana, hiyo ni safari ya hospitali papo hapo.

Anaharisha. Nisimamishe maziwa?

Usisimamishe ziwa la mama hata kidogo. Maziwa mengine aendelee nayo bila kuzimuliwa, pamoja na maji ya chumvichumvi ya pakiti na vidonge vya zinki: miligramu 20 kwa siku kwa aliyezidi miezi 6, miligramu 10 kwa aliye chini yake, kwa siku 10 hadi 14. Kuharisha kukifika siku 14, arudi kwa mhudumu wa afya. Hapo hupunguziwa maziwa kwa muda au kuwekewa mtindi mahali pake.

Mtindi na jibini vinahesabika?

Vinahesabika. Mtindi usio na sukari unaweza kuanza kidogo kidogo kwenye miezi 6, na una faida ya kuwa sehemu ya laktosi imeshaliwa na bakteria wake. Uchachu hauui vijidudu vyote vya maziwa mabichi, kwa hiyo chemsha kwanza, poza, ndipo ugandishe. Jibini gumu gramu 30 lina kalsiamu ya karibu miligramu 200. Chumvi yake ndiyo ya kuangalia.

Chai ya maziwa, sukari, asali?

Chai ina tanini, nayo hushika chuma kilichomo kwenye chakula. Chai ya maziwa yenye sukari haina nafasi kwenye kikombe cha mtoto mdogo, na kijiko cha maziwa kilichomo hakiigeuzi kuwa maziwa. Asali ni marufuku kabla ya miezi 12, hata ncha ya kidole, kwa sababu inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu, ugonjwa wa kupooza.

Analala na chupa ya maziwa mdomoni. Kuna ubaya?

Usiku mate hupungua, maziwa hukaa kwenye meno, na meno ya mbele ya juu huanza kuoza: kwanza mstari mweupe kama chokaa karibu na ufizi, kisha kahawia. Anzisha kikombe kwenye miezi 6, chupa iondoke kati ya miezi 12 na 18. Ondoa ya mchana kwanza, ya kulalia mwisho. Maziwa ya jioni yanywewe akiwa amekaa, meno yapigwe mswaki, ndipo alale.

Hataki maziwa kabisa. Nimlazimishe?

Usimlazimishe. Onja kwanza mwenyewe, maana wakati mwingine yana harufu ya moshi au ya sufuria na mtoto ana haki yake. Jaribu ya baridi kama amezoea ya moto. Akiendelea kukataa, mtindi wa mililita 200 mara mbili kwa siku unafanya kazi ileile, na samaki wadogo wanaoliwa na mifupa yao, ufuta uliosagwa na mboga za majani huongeza kalsiamu. Maziwa pia hujificha vizuri: pikia uji maziwa matupu badala ya maji, na kikombe kizima kitaliwa kwa kijiko.